Hatua 17,412

Siku ile niliisahau saa yangu ya mkononi juu ya meza. Ni zile saa zinazohesabu hatua; mume wangu aliniletea baada ya daktari kunikuta na presha, ili nikose visingizio. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na mwaka na miezi minne, umri wa kutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo dada wa kazi alipomwona anaitafuna alimnyang'anya, akaivaa yeye. Akaisahau mkononi hadi jioni. Nilipoingia tu akaja anaivua haraka haraka, kama niliyemfumania.

"Samahani dada, nilimnyang'anya mtoto. Halafu mchana ikatetemeka, ikawaka vitu kama fataki. Nikajua nimeshaiharibu."

Hakuwa ameiharibu. Saa ile ukifikisha hatua 10,000 inatetemeka, inawasha fataki kwenye kioo na kukupa hongera. Mimi nilikuwa nayo miezi miwili na hongera zake nilikuwa nimezipata mara tatu, mojawapo siku nilipozunguka Kariakoo nzima natafuta kitambaa cha mapazia. Nikagusa kioo. Hatua 17,412. Na chakula cha usiku kilikuwa bado hakijabandikwa.

"Leo ulitoka?"

"Nitoke niende wapi, dada?"

Tunakaa Sinza, ghorofa ya tatu, vyumba vitatu na sebule. Asubuhi umeme ulikatika, pampu haikupandisha maji, akawa anashuka na kupanda na ndoo mpaka pipa la bafuni likajaa. Akafua kwa mkono, akashuka kuanika, akapanda, wingu likatanda, akashuka kuanua. Mtoto mgongoni. Akamfuata mkubwa shule. Akapiga deki mara mbili kwa sababu uji ulimwagika. Hatua zote hizo, ukitoa za kwenda shule, alizitembea ndani ya nyumba ambayo mimi nikiwa kazini huwa naiwaza kama mahali palipotulia.

Nikamuuliza kama amechoka.

"Aah, sijachoka dada."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la siku zote. Kwa mwaka mmoja na nusu niliokuwa nimekaa naye sikuwahi kusikia jingine, na naona aibu kusema kwamba nilikuwa naliamini.

Presha yangu iligundulika nikiwa na miaka 38, baada ya uzazi wa pili: 152 kwa 96. Daktari alikuwa kijana mpole. Akaniambia nipunguze chumvi, na kwa wiki nipate angalau dakika 150 za mazoezi, ule mwendo wa kukutoa pumzi lakini bado unaweza kuongea. Kiwango hicho ni cha Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wake wa 2020 unamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300. "Na uzuri wake," akaongeza, "kutembea ni bure."

Nikaanza kuitafuta hiyo bure. Raba, shilingi 165,000, kwa sababu zile za bei rahisi zilinichubua kisigino siku ya pili. Sidiria ya mazoezi. Hapo waliowahi kukimbia na maziwa ya kunyonyesha watanielewa bila maelezo. Halafu muda. Ili niwahi kazini lazima niwe barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana yake mtu mwingine awe macho na mtoto saa hiyo. Halafu njia. Mtaani kwetu ukikimbia unagombania ukingo wa barabara na bodaboda, mitaro na meza za chipsi zilizofunikwa turubai. Kwa hiyo napandisha Sam Nujoma hadi Mlimani, nazunguka ndani ya Chuo Kikuu ambako kuna miti na magari yanakwenda taratibu.

Suruali ya mazoezi naifunika kwa kanga mpaka nifike Chuo, kisha kanga naizungusha kiunoni. Kabla ya hapo nimeshaulizwa nimeiba nini, nimeshaambiwa "mama, hicho kitambi ni cha urithi, kiache". Nikishaingia hakuna anayegeuka, kwa sababu mle wahadhiri wanakimbia, na wake zao wanakimbia. Ni mimi yule yule na suruali ile ile, lakini nje ni kichekesho na ndani ni mtu anayejali afya yake.

Nikirudi nimelowa jasho nahitaji ndoo ya kuoga, na fulana inahitaji kufuliwa. Siku umeme ukikatika, ndoo hiyo anaipandisha nani? Swali hili nimelijua baada ya ile saa. Kabla yake sikuwahi kujiuliza.

Lakini sitaki kuyabeza mazoezi, yamenisaidia sana. Baada ya miezi mitatu hivi nilianza kulala kama mtoto. Presha ilishuka hadi 134 kwa 86 nikiwa nakunywa kidonge kimoja badala ya viwili. Zaidi ya tarakimu, kuna kitu kilinirudia ambacho sina jina lake zuri. Nilikuwa nikishuka kile kilima cha Mlimani jua linachomoza naona kama siku hiyo hakuna wa kuniudhi. Ofisini walikiona. Nikaacha kuwajibu watu kwa mkato. Kwa hiyo ninapoandika haya siandiki kama mtu aliyekuja kugundua kuwa mazoezi ni anasa. Nashangaa tu kwa nini jasho langu linanipa raha, na jasho la watu walionizunguka linawamaliza.

Maana mimi nimekulia Tandika, na jasho nalijua. Tulichota maji kwa jirani mwenye kisima, ndoo ya lita 20 kichwani, safari nne kabla ya shule. Lita 20 ni kilo 20, na mimi mwenyewe nilikuwa na kilo thelathini na kitu. Nikitoka shule natembeza maandazi ya mama hadi Tandika sokoni na kurudi. Kwa hesabu ya saa ya siku hizi ningekuwa napigiwa fataki kutwa mara mbili. Hakuna aliyeyaita mazoezi. Mazoezi yalikuwa mchakamchaka wa shuleni, na huo tuliuchukia kwa sababu ulitukuta tumeshachoka.

Mama sasa ana miaka 71. Shingo yake haigeuki. Ukimwita kwa nyuma anageuka na mwili mzima. Magoti yote mawili yamevimba. Kliniki moja walimwambia, "Bibi, jitahidi kufanya mazoezi." Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi mazoezi nilishayamaliza."

Sasa nije kwa kaka yangu, maana yeye ndiye aliyeniharibia kabisa hesabu zangu.

Kaka ni mkubwa kwangu kwa miaka saba, kifungua mimba. Anaendesha guta Kariakoo, lile la kukanyaga, si la pikipiki. Majora ya vitenge, katoni za sabuni, kreti za soda, anachopewa anabeba, analipwa kwa tripu. Mwili wake ni wa kamba tupu, tumbo limeingia ndani. Kwenye familia yetu mimi ndiye mgonjwa na yeye ndiye chuma, utani wa miaka yote. Alikuja nyumbani jioni moja kumwona mtoto akazikuta raba zangu mlangoni. Akaokota moja, akaikunja soli kwa dole gumba, akaigeuza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hizi umechukua bei gani?"

Nikamwambia 35,000.

"Mtumba?"

"Eeh, mtumba."

"Nzuri. Lakini hiyo 35 wamekupiga, mdogo wangu. Ungeniambia mimi."

Sijui kama kuna uongo ulionikaa vibaya kama ule. Alinisomesha sekondari yeye, kwa guta lile lile. Na siku hiyo hiyo, kwa kutaka kubadilisha mazungumzo, nikatoa kipimo changu cha presha nikamfunga mkononi kwa masihara. Kikasoma 171 kwa 108. Akasema kimeharibika. Nikajipima mimi: 130 na kitu. Nikamfunga tena, amekaa dakika kumi ametulia, amekunywa maji. 168 kwa 106.

"Kichwa hakikuumi?"

"Kinauma. Lakini kichwa cha mtu mzima kisiume kwa nini?"

Usiku ule sikulala, nilisoma kwenye simu mpaka betri ikaisha. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba mwili unaofanya kazi ngumu hauna pa kuingilia presha. Wazo hilo, nikaja kuona, si la kwetu peke yetu. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha na wenzake utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva amekaa kutwa. Konda anapanda na kushuka ngazi za basi, kati ya 500 na 750 kwa siku. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Utafiti ule ndio ulioanza kuishawishi dunia kwamba kujongea kunalinda moyo.

Nikamfikiria konda wa daladala wa njia ya Mbagala. Hana ngazi za kupanda. Ananing'inia mlangoni kutwa, moshi wake, makelele yake, na jioni lazima hesabu ya tajiri itimie, isipotimia anaitoa mfukoni mwake. Konda wa London alikuwa na mshahara wa wiki na sare aliyoshonewa. Na hizo sare nazo Morris alizichunguza: mwaka 1956 walitoa matokeo ya kupima viuno vya suruali walizopewa wafanyakazi wale, wakakuta madereva wana viuno vipana kuliko makonda, hata wale waliokuwa bado vijana. Yaani huenda sehemu ya tofauti walikuja nayo kazini. Nilipenda uungwana wa mtu yule wa kurudi kulichokonoa jibu lake mwenyewe.

Halafu, katika kusoma huko, nikafika Denmark. Mwaka 2021 watafiti wa huko walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 104,046 wa Copenhagen kwa miaka kama kumi. Waliofanya mazoezi zaidi wakati wa mapumziko yao walikufa kidogo kuliko wasiofanya. Lakini wale wenye kazi nzito kabisa, hatari yao ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 27 kuliko ya wanaokaa kitini. Moyo ni ule ule, jasho ni lile lile, matokeo yamepishana. Wapo wanaobisha, mwaka huo huo watafiti wa Norway waliwaangalia wanaume wa kwao, na walipozingatia elimu, sigara na mambo mengine ya maisha, wenye kazi za kujongea hawakuonekana kufa mapema. Kwa hiyo huenda kinachoua si mzigo wenyewe bali maisha yanayokuja na mzigo. Mimi si daktari, siwezi kuamua ugomvi huo. Ila nilikuwa na guta moja la kuliangalia kwa karibu, nikaenda kuliangalia.

Niliomba ruhusa kazini nikakaa na kaka Kariakoo kutwa nzima, kwenye kibaraza cha duka anakoegesha. Nilichokiona si kukimbia. Anabeba jora kutoka stoo, amebana pumzi, mishipa ya shingo imesimama, anapanga, anakanyaga mita mia tatu katikati ya watu, anasimama anatukanwa na mwenye gari, anakanyaga, anapakua. Kisha anasubiri. Akisubiri hapumziki, anachungulia tripu nyingine isichukuliwe na mwenzake. Siwezi kusema alikimbia hata mara moja, na sikumwona ametulia hata mara moja. Mimi nikikimbia nikachoka natembea. Goti likiniuma narudi nyumbani. Yeye goti likimuuma anahamishia uzito mguu mwingine.

Maji alikunywa chupa ndogo moja kutwa nzima. Nikamgombeza. Akanieleza kama anayemweleza mtoto: choo ni cha kulipia, na ukienda huko guta linabaki na nani? Kwa hiyo mtu anayetoka jasho kuliko wote niliokuwa nao mtaa ule alikuwa anajinyima maji kwa hesabu. Chakula alikula saa kumi jioni, wali maharage, chumvi ameongeza juu.

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma utafiti, kwamba Jumapili angalau apumzike. Alale.

"Jumapili nina jogging," akasema.

Nilidhani ananitania. Mbagala anakokaa wana klabu ya jogging, kama zilizopo Temeke yote, wanaume kwa wanawake, waendesha bodaboda, wauza samaki, mafundi, vijana wasio na kazi na wazee waliostaafu. Ni mwanachama mwaka wa nne na hakuwahi kuniambia, kwa sababu, anasema, nilikuwa sijauliza. Jumapili iliyofuata nikaamkia Mbagala. Saa kumi na mbili kamili filimbi ikapigwa. Jezi za kijani, bendera mbele, mtu mmoja anaanzisha wimbo kundi linaitikia, mguu unafuata wimbo. Tukaingia Barabara ya Kilwa na madereva wakatupisha. Hakuna aliyeniuliza nimeiba nini. Wanawake walikuwepo kama ishirini, mmoja ana dera na raba. Kaka alikuwa safu ya pili. Nilimwona anacheka kwa mdomo wote, anamsukuma mwenzake begani. Kariakoo nilikuwa nimekaa naye saa tisa na sikuona meno yake.

Baadaye tulikunywa supu, wakasomewa matangazo: nani amefiwa, mchango kiasi gani, nani hajaonekana wiki mbili na nani atakwenda kumjulia hali. Nilifikiria jimu niliyojiunga nayo Mikocheni kabla ya kuanza kukimbia, nikalipia miezi mitatu. Mashine ya kukimbilia imeelekezwa ukutani, kila mtu ana vitu masikioni. Niliacha kwenda mwezi wa pili, na mpaka leo hakuna aliyepiga simu kuuliza kama ni mzima, isipokuwa ujumbe wa kukumbusha malipo.

"Huchoki?" nilimuuliza kaka tukiwa kwenye supu. "Wiki nzima unakanyaga, na leo tena."

Akafikiria kidogo. "Hii hakuna anayenipangia," akasema, akaomba limao.

Kuanzia hapo dawa za presha anakunywa, si kila siku kama ninavyotaka, lakini anakunywa. Msukumo haukutoka kwangu. Mwenyekiti wa klabu, fundi viatu, alisimama mbele ya watu akasema na yeye anazo. Maji bado anakunywa kidogo. Bei ya raba bado sijamwambia.

Turudi Sinza.

Nilikuwa najisikia vizuri sana na mawazo yangu juu ya kaka na Denmark mpaka asubuhi moja nilipokuwa nafunga kamba za raba sebuleni, giza bado, nikamsikia mtoto analia chumbani na dada wa kazi anaburuza ndala kumfuata. Saa kumi na moja na robo. Jana yake alilala saa nne na nusu usiku kwa sababu tulikuwa na wageni. Nikasimama na kamba mkononi. Saa yangu moja ya afya ilikuwa inakatwa kutoka kwenye usingizi wa binti wa miaka 22. Presha yangu iliyoshuka, ule wepesi wa kushuka kilima jua likichomoza, vyote vilikuwa na mtu nyuma yake anayetikisa mtoto asilie.

Nilikimbia siku hiyo. Sitasema nilirudi chumbani kwa uchungu, nilikwenda. Lakini sikuona raha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mtu apate saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku na saa 24 kila wiki. Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo, kazi yangu ni kanuni na fomu. Ofisini mwajiri akinizidishia nusu saa naijua sheria hiyo kwa namba za vifungu. Nyumbani kwangu mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku na nilikuwa namwita mwanafamilia. Tunapenda sana neno hilo, mwanafamilia. Wanangu wanamwita dada, yeye ananiita dada, nyumba nzima ni dada, na kwa udada huo hakuna aliyeangalia saa.

Mwishoni mwa 2016, Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi kitaifa. Ofisini kwetu tulishona fulana, tukakimbia miezi kama minne, ikafa. Ninachokumbuka sasa ni mama anayetupikia chai. Alikuwa anafika alfajiri kabla yetu kubandika supu, anatungoja, tukirudi anatupakulia na kutuambia hongereni. Fulana hatukumshonea.

Tulichobadilisha nyumbani si kikubwa, na hakikuwa rahisi. Mume wangu sasa anaamka na mtoto siku tatu ninazokimbia. Alilalamika mno, aliyeninunulia saa ya kuhesabu hatua hakuwa amepiga hesabu ya atakayeamka. Saa tatu usiku jikoni kunafungwa, anayetaka chai ajipikie. Jumapili ni ya dada wa kazi, kuanzia anapoamka hadi jioni. Jumapili ya kwanza alifua mapazia. Ya pili alikaa jikoni kwenye stuli akaniangalia napika kama anayetazama ajali. Ilibidi nimfukuze nje, na hata kufukuzwa alikuchukulia kama nimemkasirikia.

Ni fundi cherehani wa chini ya ghorofa yetu aliyeniambia. Kuna wasichana wanacheza netiboli jioni za Jumapili kwenye uwanja wa shule ya msingi, wa saluni, wa cherehani, wa kazi za ndani. Nikamuuliza binti kama anaijua netiboli. Akatazama chini, akatabasamu. Kumbe shuleni kwao Iramba alikuwa mlinzi wa goli, walifika mashindano ya wilaya. Mwaka na nusu, na mimi nilichojua juu yake ni kwamba hapendi dagaa.

Hakuwa na raba. Nikampa zangu, maana mguu wetu ni mmoja na mimi niliona soli zimeanza kuisha. Akazivaa, akaruka ruka mara mbili hapo hapo kwenye korido, akakunja soli kwa dole gumba kama kaka.

"Dada, hizi zilikuwa bei gani?"

Safari hii sikudanganya. 165,000, nikasema.

Akanyamaza. Ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa mwezi, na sote wawili tuliijua hesabu. Akazivua taratibu, akazipanga ukutani, akaniuliza kama mchana nataka wali au ugali. Mwezi uliofuata nilimwongeza mshahara, si kwa kiasi cha kujisifia hapa, lakini sasa unazidi bei ya zile raba. Nilijiwekea hivyo, kipimo cha kipuuzi, ila ndicho nilichokuwa nacho.

Raba alizichukua wiki mbili baadaye, bila kuniambia. Nilijua nilipokuta hazipo ukutani.

Jumapili hiyo giza likaingia hajarudi. Nilianza kuwa na wasiwasi, nikatoka kwenye ngazi. Nikasikia sauti za wasichana chini wanaagana kwa vicheko, kisha hatua zinapanda, moja nzito moja nyepesi. Alikuwa anachechemea. Goti limechubuka, vumbi hadi kwenye nyusi, nywele zimefumuka upande mmoja. Alipofika ghorofa ya pili akashika chuma cha ngazi akasimama, akaniona.

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa," akasema, akaketi pale pale kwenye ngazi, akanyoosha miguu yote miwili mbele akacheka. "Uuuwi. Dada, leo nimechoka!"